Gari la Shemeji

Chini ya gari ilionekana miguu tu: mabuti mawili meusi yaliyoelekeza ncha juu, na ovaroli ya bluu iliyoshika vumbi jekundu mpaka magotini. Bonifasia alisimama pembeni, mkoba kwapani, akiyatazama mabuti yale kwa hasira iliyompanda tangu asubuhi na kukosa pa kutokea.

Hii ilikuwa mara ya tatu. Mara ya kwanza afande Kwandu, mkaguzi wa magari, alizipiga tairi za nyuma teke moja moja akasema ni vipara. Bonifasia akanunua tairi. Mara ya pili taa moja ya breki iligoma kuwaka. Akabadilisha taa. Leo aliamka alfajiri kule kwake Mugoma, akaliosha gari kwa sabuni ya unga hadi likang'aa kama sahani ya wageni, akavaa gauni lake la Jumapili, kisha akapanda mlima wa Ngara akiwa ameushika usukani mwenyewe. Alijifunza kuendesha akiwa na miaka arobaini na sita, vijana wa stendi wakimcheka, na hakuna mteremko aliouogopa. Alichokuwa ameanza kukiogopa ni kalamu ya mwanamke huyu. Bila karatasi yake, kadi ya gari isingebadilishwa jina. Ingeendelea kusomeka Frednand, mdogo wa marehemu mume wake, ambaye ndiye aliyemuuzia.

"Afande," alisema akiinama, "magari matatu yaliyokuja nyuma yangu yameshaondoka. Langu lina nini?"

"Subiri kidogo, mama," sauti ilijibu kutoka chini.

"Nimesubiri wiki mbili. Kama kuna kitu unakitaka, kitamke. Mimi ni mjane, si mjinga."

Madereva waliokuwa kwenye foleni wakageuka kuangalia. Chini ya gari nyundo iliyokuwa ikigonga gonga ikanyamaza. Kwandu akajivuta nje kwa mgongo, akaketi juu ya gunia alilolitandika, akapangusa kidevu kwa kiganja. Hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lililomkera Bonifasia zaidi.

"Umesemaje, mama?"

"Umenisikia."

"Nimekusikia. Sasa njoo ulale hapa."

"Nilale wapi?"

"Hapa kwenye gunia. Nikikueleza utasema nataka kitu. Njoo ujionee."

Bonifasia akaliangalia gauni lake, akawaangalia madereva. Akampa mmoja wao mkoba amshikie, akapiga magoti, akalala chali, akajisukuma chini ya gari lake mwenyewe kama mtu anayeingia uvunguni kutafuta kiatu. Kulikuwa na harufu ya oili na udongo. Kwandu akalala ubavuni pake, akawasha tochi, akaanza kukwangua kwa bisibisi mpako mweusi kama lami uliopakwa kila mahali. Mpako ukabanduka. Chini yake ukatokea mstari wa vyuma vilivyochomelewa, wenye mabonge na matundu, uliokatiza gari kutoka upande mmoja hadi mwingine.

Bonifasia alikuwa fundi cherehani kwa miaka ishirini na sita. Ameunga vitambaa vya kila aina, na alijua vizuri tofauti ya kiungo ambacho fundi amekitaka kidumu na kile ambacho amekitaka kisionekane.

"Unafika wapi huu?" aliuliza polepole.

"Unapanda kwenye nguzo za milango, unapita juu ya paa, unashuka upande wa pili. Kule juu wameficha kwa puti na rangi. Haya ni magari mawili, mama. Moja liligongwa nyuma, jingine liligongwa mbele. Wamechukua nusu iliyo nzima ya kila moja wakaziunga."

"Na likipakia mzigo?"

"Siku moja kwenye shimo, au kwenye mteremko, litaachia. Siku gani, sijui. Hata aliyelichomelea hajui."

Bonifasia akabaki anautazama mstari ule. Juma lililopita alishuka nalo bondeni akiwa amejaza sare za shule hadi kwenye kioo cha nyuma, na binti yake Teddy ameketi kando yake akiimba.

Alipotoka, mgongo wa gauni ulikuwa mwekundu wote. "Nisamehe, afande," alisema.

"Nimeshazoea, mama." Kwandu alikuwa ameanza kuandika. Aliandika kwamba gari halifai kuwa barabarani, na kwamba halitatoka uwanjani pale kwa magurudumu yake. Kisha akainua macho. "Aliyekuuzia anajua?"

"Ni shemeji yangu."

"Nimeuliza kama anajua."

Bonifasia alirudi Mugoma kwa bodaboda, akiwa ameshikilia mkoba mbele kama mtoto mchanga, na njia nzima alikuwa akilijibu swali lile kwa namna mbalimbali, kila jibu likimchoma kuliko lililotangulia.

Frednand alikulia mikononi mwake. Marehemu Ndayisaba alipomuoa, mdogo wake huyu alikuwa ndiyo kwanza anaanza shule, kamasi puani, na shati lake la kwanza la darasani Bonifasia ndiye aliyelishona. Alipokua akaenda Biharamulo, akafungua uwanja wa kuuza magari yaliyotumika kando ya barabara kuu. Na mwaka jana, bodaboda aliyebeba sare za shule nzima alipoteleza matopeni na mashati themanini yakaloa tope siku moja kabla ya shule kufunguliwa, Bonifasia alipolia kwamba amechoka, ni Frednand aliyepiga simu. "Shemeji, mimi nipo. Kwa nini ukanunue kwa mtu baki?" Bonifasia akauza ovaloki yake, mashine ya kupindia kingo za nguo. Akauza cherehani moja kati ya mbili. Akauza ng'ombe wawili. Gari likaja limefungwa utepe, na mama mkwe wake, bibi Nyirabahizi, akalinyunyizia maji ya baraka kuanzia boneti hadi buti, akatamka majina ya watakatifu wote aliowakumbuka.

Yote hayo Frednand aliyaona. Alisimama pale pale, akafunga mikono, akaitikia amina.

*

Jioni ile Bonifasia alimpigia simu kumwambia gari limezuiwa. Kesho yake mchana Frednand akamkuta kule uwanjani Ngara, amekuja na lori la kukodi, amenyoa vizuri, ananukia.

"Shikamoo, shemeji."

Marahaba haikumtoka Bonifasia.

"Sasa shemeji, kwa nini ulikimbilia kwa watu hawa kabla ya kuniuliza? Ningekuelekeza."

"Ulijua?"

"Unajua, magari haya yanayotufikia sisi, karibu yote yameguswa guswa. Ndiyo maana bei..."

"Frednand. Ulijua?"

Akaligeukia lori. "Nilijua limeguswa kidogo."

"Kidogo! Limekatwa kama muwa!"

"Usipige kelele, watu wanatuangalia. Nimekuja kuyamaliza. Nalibeba leo hii, nalifuta hilo kovu, na mteja nimeshampata. Yuko mwalimu mmoja Nyamigogo, anaitwa Leonsia, ana shule ya chekechea. Akilichukua tu, chako chote kinarudi. Ovaloki yako, cherehani yako, ng'ombe wako. Hakuna aliyepoteza kitu."

"Na karatasi aliyoandika afande?"

"Nyamigogo si hapa."

"Huyo mwalimu analitaka la nini?"

"La kubebea watoto," alisema Frednand, kama anayesema la kubebea maharage.

Bonifasia alitaka kusema, lakini Frednand alikuwa ameshatoa simu na anatabasamu lile tabasamu lake la tangu utotoni, la mtoto aliyevunja chungu akajua hatachapwa.

"Ana wasiwasi kidogo tu. Nimemwambia gari lilikuwa la shemeji yangu, mtu wa kanisani, halijawahi kumsumbua. Msalimie. Husemi uongo, kwani limewahi kukusumbua? Neno moja tu, shemeji." Na kabla hajajibiwa akampa simu. Ilikuwa inaita.

"Haloo? Shikamoo, mama." Ilikuwa sauti ya mwanamke mwenye haraka, nyuma yake kelele za watoto.

"Marahaba, mwalimu."

"Samahani kukusumbua, mama. Huyu kaka ameniambia gari lilikuwa mikononi mwako, nikasema ngoja nisikie kwa mwanamke mwenzangu. Mimi magari siyajui. Wanangu hawa wanatoka mbali, wengine wana miaka minne tu, na huku kuna mteremko wa kwenda mtoni, mvua ikinyesha tunawavusha mgongoni. Niambie tu ukweli, mama. Gari ni zima?"

Frednand alitikisa kichwa kumhimiza. Zima. Neno lenyewe silabi mbili. Bonifasia aliiona ovaloki yake imerudi pembeni ya dirisha, imefunikwa kitambaa. Aliwasikia ng'ombe wake. Na papo hapo akaelewa kwamba kijana huyu hakutosheka na kumuuzia mauti yaliyopakwa rangi. Sasa alikuwa amekuja kumuazima mdomo, ili akamuuzie mwingine.

"Mwalimu, nisikilize," alisema, na sauti yake ikatoka kubwa kuliko alivyotaka. "Gari hili si zima. Ni magari mawili yaliyokatwa yakaunganishwa. Nimelala chini yake jana, nimeona kwa macho yangu. Usilinunue. Usilipande, na mtoto wa mtu asilipande. Na huyu akikuletea jingine, tafuta kwanza mkaguzi wa kulala chini yake!"

Frednand akaipora simu. Upande wa pili mwalimu alikuwa bado anasema, "Mama? Mama, haloo?" naye akaikata.

"Basi umejimaliza mwenyewe!" Tabasamu lilikuwa limeondoka, na bila hilo alionekana mzee. "Nilikuja kukusaidia. Kaa nalo sasa. Panda mchicha humo ndani. Na mama nitamweleza mimi, kabla hujafika."

"Mweleze. Usisahau watoto."

Akapanda lori. Likaondoka tupu, minyororo ikigongana nyuma.

Bonifasia alikaa kwenye jiwe. Gari lilikuwa mbele yake, jeupe, safi, bado linanukia sabuni. Kwandu akaja akasimama karibu, mikono mifukoni.

"Nimesikia, mama. Kila mtu hapa amesikia."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo hilo ni kosa la jinai. Unaweza kuandika maelezo."

"Nikiandika?"

"Ataitwa. Na watayakagua yale mengine aliyonayo uwanjani."

Bonifasia hakuwa ameyafikiria yale mengine. Alimkumbuka bibi Nyirabahizi na chupa yake ya maji ya baraka, ambaye kati ya watoto saba alibakiwa na huyu mmoja. Kwandu hakumharakisha. Aliingia ofisini, akatoka na karatasi na ubao wa kuandikia.

"Jina kamili la aliyekuuzia?"

Jina hilo Bonifasia aliwahi kulidarizi ndani ya kola ya shati, kwa uzi mwekundu, ili lisipotee katikati ya mashati ya watoto wengine. Alilitaja lote, majina yote matatu, na pale afande alipokosea herufi akamrekebisha.

*

Asubuhi iliyofuata ukungu ulikuwa bado umelala bondeni alipofungua chumba cha kushonea. Mashati ya shule yalikuwa yamerundikana mezani, na cherehani ilikuwa moja. Alikwisha kushona mikono sita wakati bibi Nyirabahizi alipoingia na fimbo yake, akaketi kwenye mkeka mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Kikongwe alivuta khanga mabegani. Aliitazama cherehani mpaka shati moja likaisha. "Amenipigia."

"Ndiyo, mama."

"Amelia. Mtu mzima, analia kwenye simu. Anasema umempeleka polisi kwa ajili ya gari."

"Si kwa ajili ya gari, mama. Gari lilikwisha kuniponyoka. Alikuwa anamuuzia mwalimu wa chekechea, la kubebea watoto."

"Watoto wangapi?"

"Sikumuuliza."

Bibi alitazama nje, ambako mbuzi walikuwa wakilia wafunguliwe. Alipozungumza tena sauti yake ilikuwa ngumu.

"Ndani ya nyumba hii sitaki mtu amwite mwanangu mwizi."

"Sijamwita hivyo, mama."

"Najua. Umeandika."

Mguu wa Bonifasia ukasimama juu ya pedeli. Alingoja. Nyumba ilikuwa ya Ndayisaba, na kabla ya Ndayisaba ilikuwa ya mwanamke huyu. Alingoja aambiwe akusanye vitu vyake, au aende akaifute ile karatasi. Bibi Nyirabahizi akanyoosha mkono wake mwembamba, akavuta shati moja kutoka kwenye rundo, akaligeuza geuza mapajani.

"Nitungie uzi," alisema. "Macho yangu hayaoni tundu la sindano."

Bonifasia akatunga uzi, akafunga fundo, akampa.

"Vifungo vingapi?"

"Vitano, mama."

Kikongwe akaanza na kile cha juu, karibu na kola. Alichoma sindano, akavuta, akachoma tena, taratibu mno. Midomo yake ilikuwa ikicheza bila sauti, na Bonifasia, aliyekuwa ameshika ukingo wa meza, hakuweza kujua kama alikuwa anasali au anagombana na mtu.