Vishimo Viwili vya Magoti

Mwanangu aliniahidi kwamba nyumba ya baba yake itakuwa ya kisasa bila kuisahau ya kale. Milango ya mbao ingebaki, na boriti za dari, na madirisha ya mbele. Nilimwamini. Hata hivyo kiti changu nilikiweka chumbani kwetu, juu ya vile vishimo viwili. Kuamini ni kuamini, na macho nayo yana kazi yake.

Vishimo hivyo ni vya magoti ya marehemu mume wangu. Alisali pale kila alfajiri mpaka saruji nyekundu ikabonyea. Tangu aondoke napiga magoti mimi, na vinanienea.

Fundi tunamwita Bwana Kimya, kwa kuwa hajawahi kunyamaza. Alishanieleza alama zake za chaki: mkasi, kama ule wa mwalimu kwenye hesabu iliyokosewa, ni kuvunja, duara ni kubaki. Asubuhi moja nilitoka kunawa uso, kurudi nakuta kiti kimesogezwa na vishimo vimezungushiwa mraba. Si mkasi, si duara. Nikamuuliza. Akababaika, akasema nimsubiri mwenye nyumba. Mwenye nyumba nani tena, kama si mimi? Mashine ya kukatia zege ilikuwa imeshachomekwa kwenye umeme.

Nikarudisha kiti, nikakaa, nikawa namtaja Mungu kimoyomoyo. Bwana Kimya akatania kwamba nikizidi kukaa atanibandika vigae na mimi. Sikucheka.

Mwanangu akaja na furaha yake. Akaeleza kwamba kipande kile kitakatwa vizuri, kitiwe kwenye fremu ya kioo, kitundikwe sebuleni, kila mgeni akione. Mkewe alishachagua ukuta. Nikaona amewaza kwa upendo.

“Baba yako hakusali ukutani,” nikasema. “Na mimi, mwanangu, nitapandaje huko?”

Akaitazama sakafu. Bwana Kimya naye akanyamaza, na hilo likanitisha kuliko mashine. Kisha mwanangu akapiga magoti, akafuta mraba kwa kiganja, akaomba chaki, akachora duara.

Vigae vimeshawekwa, vimepazunguka pale, juu kidogo kuliko saruji. Wajukuu wanajikwaa. Kila wakijikwaa namsikia mkwe wangu akisema pangesawazishwa tu.

Kiti changu sijakiondoa.