Msomaji wa Mama Angélique

Lambert alirudi kwa mama yake Rosettenville, Johannesburg, na begi moja na harufu ya bia. Kwa miaka tisa alikuwa na safu yake katika gazeti la Kiingereza huko Cape Town. Mwezi uliopita mhariri aliifuta, na kusema kweli hakumwonea. Lambert alikuwa ameishiwa, akabaki kuandika habari za watu wa kwao. Safu ya mwisho ilimhusu mama yake: jinsi mumewe alivyomtoroka, naye akaendelea kumwekea sahani mezani mwaka mzima. Wasomaji walicheka.

Alikuja kuomba radhi. Lakini Mama Angélique alimpakulia fufu na sombe, yaani kisamvu, akaanza kuzisifia safu zake, akirudia mizaha yake mmoja mmoja. Lambert alirudisha tonge kwenye sahani. Ilikuwa mizaha mizuri, na hakuna hata mmoja aliouandika yeye.

Alipouliza, mama alimshangaa. Yeye Kiingereza alikijulia wapi? Kila Ijumaa gazeti alilolipiwa na mwanawe lilipofika, alilipeleka kwa Pitchou, fundi cherehani wa mlango wa pili, amsomee kwa Kiswahili.

Pitchou! Yule aliyekuwa akinakili insha zake shuleni. Lambert hakumaliza kula, akatoka kwenda kwake.

"Umeharibu kazi yangu," alimwambia.

Pitchou alitoa pini mdomoni. "Nimeipunguza na kuiongeza, kaka. Ilikuwa inambana mama."

"Na ile ya sahani?"

"Wiki hiyo nilimwambia umeandika habari za mvua."

Lambert alipaswa kushukuru. Badala yake kifua kilimwaka. Miaka tisa aliandika yeye, akapendwa mwingine.

Kesho yake mama alimletea gazeti lile lenye safu ya mwisho. "Nisomee ya mvua. Leo mwenyewe upo."

Angeweza kusema ukweli. Aliutazama uso wa mama uliokuwa unasubiri kucheka, akaanza kubuni: mvua ilinyesha Cape Town, barabara zikajaa maji, magari yakakwama kwenye robot, zile taa za barabarani.

Mama alisikiliza, kisha akatikisa kichwa. "Umemruka bibi mwenye mwavuli uliotoboka. Twende kwa Pitchou. Wewe unaandika vizuri, baba, lakini kusoma hujui."

Lambert alimfuata, akaketi kwenye benchi la wateja. Pitchou alilifungua gazeti, akasafisha koo. Bibi alipotokea na mwavuli wake, Lambert alicheka kabla ya mama, na akamchukia Pitchou kwa hilo pia.