Feni Hazikuambiwa

Usiku wa jana niliota ndoto iliyoanza kwa kifuniko cha birika. Kilikuwa kikigongagonga jikoni, adhana ya alfajiri bado. Nikasema, nani tena ameamka mapema hivi kuniwekea chai? Tangu msiba, majirani wamenidekeza mno.

Nikaenda jikoni. Jiko halipo. Kuna mlima wa Soni, kona ile ya juu ya maporomoko, na gari letu la kijivu limesimama pembeni linatoa mvuke. Nyuma yake yamelazwa matawi barabarani, kama wafanyavyo madereva gari likiharibika. Sikushangaa. Niliona tu kwamba aliyeyakata alichagua yasiyo na miiba.

Mume wangu amekaa kiti cha abiria. Amevaa koti lake la sufu, lile tulilompa mzee Shemboko baada ya arobaini.

"Mama Mwanahawa, gari limechemka," anasema. "Mshale umefika mwisho."

"Nauona. Mbona hushuki ukapunga upepo?"

"Hairuhusiwi kushuka mpaka injini ipoe. Na haipoi."

Jasho limemlowesha mpaka kwenye kola. Nikainua boneti, nikanyoosha mkono kwenye kifuniko cha rejeta, panapotiwa maji ya kupoza injini.

"Usinifungue nikiwa na moto," kifuniko kikasema. "Wewe si umekaa na wafiwa? Mfiwa anafunguliwa hivyo?"

"Nisamehe. Nilikuwa na haraka."

"Wote huwa na haraka."

Mbele ya rejeta umetandikwa mkeka. Feni mbili za gari letu zimeketi juu yake, zimejitanda khanga, hazizungushi hata bawa moja.

"Wanangu, mbona hamzunguki? Mwenzenu anaungua."

"Hatujaambiwa, bibi," akasema feni wa kulia.

"Hamjaambiwa nini?"

"Kwamba kuna moto. Sisi hatuzunguki kwa uvumi. Tunangoja mtu atumwe, aje atuambie kwa mdomo wake."

"Mpaka mbuzi wa jirani waliambiwa," akasema wa kushoto. "Sisi tunaona masufuria yanapita uani, tunaulizana, kuna harusi?"

Nikatafuta fyuzi. Nilimkuta amelala kwenye kijumba chake, waya wake umekatika katikati.

"Siku ile ulipita umeme mwingi kwa mara moja," akasema kwa sauti ndogo. "Nikakatika mimi, ili wengine wasiungue."

"Ahsante, mwanangu. Pole sana."

"Hakuna aliyewahi kuniambia ahsante," akasema, kisha akanyamaza moja kwa moja. Nilifungua pindo la khanga, nikatoa fyuzi mwingine, nikamweka mahali pake. Feni bado zimekaa.

Imebaki relei, kile kisanduku cheusi kinachopeleka habari kwa feni. Nikamgonga kidogo kwa kidole.

"Kwani wewe hukutumwa?"

"Nilitumwa," akasema, ameinamisha kichwa. "Nilifika mpaka mlangoni, nikashindwa kulitamka. Wewe umeweza?"

Ndugu waliambiwa na shemeji yangu Hoza. Msikitini alitangaza imamu. Mwanahawa aliwapigia wadogo zake. Mimi nilikaa ndani eda yangu yote, na kila aliyeingia alikuwa tayari anajua, akanishika mikono, akalia. Neno lenyewe halijapita mdomoni mwangu. Na gari, huko nyuma ya nyumba, hakuna aliyekwenda kuliambia. Limekaa linamngoja.

"Washa hita," mume wangu akaita. "Itolee injini joto kidogo, lije kwako."

Nikaingia, nikawasha. Joto likanijia magotini, lina harufu ya koti lake na ya peasi alizokuwa akiwapakilia watu bure mpaka Mombo. Nikalipokea lote. Khanga ikaanza kuunguza.

"Unaungua, mama."

"Si kitu."

"Hita ni ya kukufikisha gereji tu. Haikuwekwa ili mtu akae nayo."

"Nikiwaambia feni, itapoa," nikasema. "Na ikipoa, utashuka."

"Nitashuka."

"Basi iache ichemke."

Alivua kofia, akajifuta paji la uso, akaiweka kofia gotini. "Humu mna joto, Mama Mwanahawa," akasema. Mtu huyu aliumwa mwaka mzima sijamsikia akilalamika.

Nikashuka. Nikakaa mkekani kati ya feni zile mbili, nikawashika mabawa, kama inavyotakiwa.

"Mmeamkaje, wanangu?"

"Salama, bibi."

"Mmekula?"

"Tumekula."

"Sogeeni karibu."

Wakasogea.

"Baba Mwanahawa amefariki."

Waligeukiana taratibu. Kisha wakaanza kulia, na kulia kwao ndiko kuzunguka. Upepo ukatoka, ukapita kwenye rejeta, ukayainua matawi barabarani. Mshale ukashuka. Mlima ukawa sebule yetu, sebule ikawa ua. Nikasikia mlango wa abiria ukifungwa polepole. Hakuwahi kubamiza mlango, hata wa choo.

"Ahsante," akasema kwa nyuma yangu. "Kumepoa."

Nikaamka. Adhana inaisha. Jikoni kimya, birika limefunikwa tangu jana, limepoa. Nikajitanda, nikatoka uani.

Gari lipo pale pale nyuma ya nyumba. Halina betri, Hoza aliitoa tulipokuwa bado tunapokea wageni, na magurudumu yamezama kwenye majani. Baridi ya Lushoto ilikuwa imelowesha paa na vioo vyote kwa umande. Boneti tu ndiyo kavu. Paka wetu amejinyoosha juu yake, miguu yote minne, kama paka walalavyo juu ya gari lililofika sasa hivi kutoka safari.

Nikamsogeza kidogo. Nikaweka kiganja. Pana joto.

Nikaweka na shavu.

"Njoo tena, Baba Mwanahawa," nikasema. "Hata kwa miguu."