Wino kwenye Wima ya Saba

Saa nne na dakika kumi, Jumamosi asubuhi, herufi tano za wino wa buluu zilikuwa tayari kwenye wima ya saba ya chemshabongo.

Tulikuwa watatu katika chumba cha nyuma cha duka la saa: fundi saa mwenyewe, ambaye ni mwanamke asiyeinua kichwa bila sababu; mimi, mpima ardhi mstaafu; na karani wa zamani wa posta tuliyemwita Kamusi. Kwa miaka tisa tulikuwa tukijaza pamoja chemshabongo ya gazeti. Kanuni niliitunga mimi: jibu huandikwa kwa penseli, na wino haugusi mraba mpaka wote watatu tukubaliane. Anayevunja hukosa Jumamosi tatu.

"Nani katia wino?" nikauliza.

"Mimi," akasema Kamusi. "Shimo. Kesi imekwisha, tunywe chai."

Fumbo lilisema: Ukilipunguza, linakua. Herufi tano, ya mwisho O.

"Kesi haijaanza, bwana," nikasema. "Mimi nasema pengo. Ng'oa jino la pili, pengo linakua."

"Hapo umepunguza meno. Pengo lenyewe lina nini cha kupunguzwa?"

"Na shimo lina nini?"

"Udongo, mpima ardhi! Maisha yako yote ulikuwa unakanyaga nini?"

Fundi saa akacheka mpaka bisibisi ikamtoka mkononi. Mimi sikucheka.

"Fumbo tutalijadili. Wino haujadiliwi."

"Penseli yenu siku hizi hafifu," akasema Kamusi. "Inaandika kama inaiogopa karatasi."

Penseli ilikuwa ileile, nami ndiye niliyeichonga. Nikaona ananidharau.

"Jumamosi tatu," nikasema.

"Mwache mzee wa watu," akasema fundi saa. "Kosa moja haliachi mke."

"Sheria ni msumeno."

Kamusi akavaa kofia. Alipapasa komeo la mlango kwa muda mrefu kuliko kawaida. Nikadhani ni hasira.

Mambo mengine niliyajua. Kwa miezi miwili alikuwa amehamishia kiti chake dirishani. Mafumbo alitaka nisome mimi: "Soma wewe, una sauti ya hakimu." Nilicheka, nikasoma. Sikuunganisha chochote, mimi niliyelipwa miaka thelathini kuunganisha vipimo.

Jumamosi iliyofuata gazeti lilichapa majibu. Wima ya saba: shimo.

"Nenda kamwite," akasema fundi saa.

"Zimebaki mbili."

Jumamosi ya nne kiti cha dirishani kilikaa kitupu hadi saa tano. Nikachukua gazeti, nikaenda kwake. Binti yake akafungua mlango.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Mzee yupo?"

"Yupo. Haoni."

Akanieleza kwa kifupi, mkono ukiwa bado kwenye mlango. Presha ya macho. Jicho la kulia lilikufa kitambo bila yeye kumwambia mtu. La kushoto lilizimika wiki iliyopita.

"Daktari kasema tungewahi wiki tatu tu, la kushoto lingeokolewa. Hapa nyumbani baba ni redio, asubuhi hadi jioni. Nyinyi ndio mliokuwa mnamwona akisoma. Hamkuona kitu?"

"Niliona," nikasema.

Kamusi alikuwa ameketi kando ya redio iliyozimwa, uso ameuelekeza mlangoni, kidogo kushoto kwangu.

"Mpima ardhi. Ilikuwa nini, wima ya saba?"

"Shimo."

"Enhe."

"Ungesema huioni penseli."

"Ningesema, mngeanza kunionea huruma. Mngekubali kila ninachosema. Mimi nilikuwa nakuja kubishana."

Nikafungua gazeti, nikamsomea fumbo la kwanza la wiki hiyo, polepole, na idadi ya herufi. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akanyoosha mkono, akalipokea gazeti, akalikunja kwa kupapasa mara mbili, pembe kwa pembe, akanirudishia. "Umeshaanza kunionea huruma," akasema.