Picha ya Kichwa cha Mama

Picha ya kichwa cha mama niliipiga mwenyewe asubuhi, maana chumba cha picha pale hospitalini ndimo ninamofanya kazi, nikaituma kwa bingwa wa ubongo aliye mji mwingine. Damu ilikuwa inavuja ndani ya fuvu, na daktari wetu hathubutu kupasua bila neno la bingwa. Kompyuta iliandika: Imetumwa. Nami nikaiamini, mjinga mimi, nikarudi kumshika mama mkono.

Mpaka adhuhuri, kimya. Kumbe bingwa naye alikuwa anatungoja sisi. Tulipompigia simu alisema hajaona hata kivuli cha picha.

Nikamwita fundi wa mtandao, tunayemwita Waya kwa wembamba wake. Alichungulia mitambo, uso ukamsawijika. Akaeleza kwamba kompyuta nazo zina taratibu zao za kuzungumza, ndizo itifaki. Ile ya TCP hubisha hodi kwanza na kungoja kuitikiwa. Kila kipande cha picha lazima kijibiwe kwamba kimefika, la sivyo kinatumwa tena. UDP haina hodi. Hurusha na kwenda zake, kufika ni bahati. Inawafaa wanaoongea kwa video, maana sauti ikikatika kidogo hakuna anayekufa. Madaktari walikuwa wamelalamika kwamba picha zinachelewa, naye Waya akazihamishia kwenye UDP.

"Umemtupa mama yangu dirishani," nilimwambia.

"Dada, walitaka haraka."

"Rudisha ilivyokuwa."

Akarudisha. Vipande vikaanza kwenda kwa zamu, huku majibu yakirudi, na laini yetu ni nyembamba kumshinda Waya mwenyewe. Akanong'ona kwamba bandu bandu huisha gogo. Nikamwambia afunge mdomo. Mama alikuwa ameshaacha kunitambua, na mimi nimekaa mbele ya kioo cha kompyuta nikimwomba Mungu kwa ajili ya kila kipande. Sijawahi kuogopa vile.

Picha ilifika nzima. Bingwa akapiga simu mwenyewe.

"Ningeiona asubuhi ningesema mpasueni," alisema. "Sasa msimguse. Kaeni naye tu."

Waya, machozi yakimlengalenga, aliniuliza kama aiache mitambo hivyo hivyo. Nikamwambia aiache.

Nilipofika wodini, baba alikuwa amemaliza kumnyoa mama nywele kwa wembe aliopewa na nesi. Akaniuliza wanampeleka kupasuliwa saa ngapi.