Neno la Saumu Lilipoishiwa Bando

Usiku wa kuamkia leo niliota ruta yetu ya intaneti imevaa kanzu.

Si kanzu ya mchezo. Kanzu yenye darizi kifuani, na juu yake zile antena mbili zimesimama kama masikio ya punda aliyesikia jina lake. Imekaa kwenye kochi la sebuleni, imekunja nne, inatafuna kashata. Nami, badala ya kushangaa, naisogezea sahani.

Kabla sijaendelea, nikwambie jambo moja la kweli, la mchana kweupe. Jumamosi hii wanakuja watu kumposa dada yangu Saumu. Mposaji anaitwa Mbaraka, anauza matairi Korogwe. Sisi tuko Tanga mjini, Chumbageni: Mama, Saumu, na mimi Shekue, niliyemaliza kidato cha nne na sasa nasubiri matokeo huku nikimaliza intaneti. Baba ametangulia mbele ya haki, kwa hiyo mambo ya posa anayasimamia kaka yake, Baba Mkubwa Hoza. Tangu barua ya posa ifike, Saumu amepoa kama uji wa jana. Mimi nikampa jina: Mama Matairi. Kila akipita, nampigia honi.

Basi. Ndotoni Jumamosi imeshafika.

Sebule imejaa. Mshenga wao, bwana mmoja mnene aitwaye Nassoro, ameweka mezani kifurushi kilichofungwa kwa leso. Mama anamimina kahawa. Saumu ameketi kwenye mkeka, ushungi umemshuka mpaka kwenye nyusi. Baba Mkubwa anakohoa kile kikohozi chake cha vikao.

"Saumu mwanangu, watu umewaona, maneno umeyasikia. Umekubali au umekataa?"

Ruta inanyoosha antena moja. "Ndugu Mteja, nyumba hii imetumia asilimia tisini na tisa ya kifurushi chake."

"Ahsante, ndugu," anasema Baba Mkubwa bila kugeuka. "Haya, Saumu?"

Saumu anainua uso. Anavuta pumzi. Nayaona macho yake, na ndani ya macho kuna jibu limesimama tayari, kama mtu mlangoni na viatu mkononi.

"Nimek—" anasema Saumu.

Akakwama.

Mdomo wazi, ulimi nyuma, mkono hewani. Kwenye paji la uso kikatokea kiduara cheupe, kikaanza kuzunguka. Kinazunguka, kinazunguka, hakiendi popote.

"Ndugu Mteja," ikasema ruta, ikijipangusa makombo, "umefikia kikomo. Kasi ya nyumba imepunguzwa."

Nikamgeukia Mama. Kahawa imetoka kwenye mdomo wa dele lakini haijafika kikombeni. Imening'inia hewani kama utambi mweusi. Mama mwenyewe anatabasamu upande wa kushoto tu, upande wa kulia haujapakia. Hata nzi wa kwetu amesimama juu ya sinia, mabawa wazi. Nzi waliokuja na wageni wanaruka kama kawaida. Hao wana bando lao.

Nilishikwa na butwaa, lakini ulimi wangu hauna adabu hata ndotoni.

"Si tulijiunga Bila Kikomo?"

"Ndiyo. Bila kikomo, hadi kikomo."

"Sasa hiyo 'bila' kazi yake nini?"

"Inakaa mbele. Kikomo kinakaa nyuma. Soma ulichojiunga nacho."

"Na mbona mimi sijakwama?"

Antena zote mbili zikainama, zikanielekea tumboni. "Kwa sababu wewe ndiye uliyelila."

"Nimelila nini?"

"Bando. Kila mwezi si mnalalamika bando limeliwa? Mlidhani linaliwa na panya?"

Hapo tumbo langu likalia. Halikuunguruma, lililia mee. Nikamtambua: ni yule mbuzi wa kwenye video anayepiga chafya akaanguka chali. Nilimtazama mara arobaini. Akafuata jogoo anayemfukuza polisi. Wageni wote wakanikodolea macho.

"Samahani," nikasema, nikajifunika mto.

Baba Mkubwa akapiga goti lake kofi. "Basi. Mwanamwali ameulizwa, amenyamaza. Kimya chake ni ridhaa."

Nikaruka. "Hajanyamaza, Baba Mkubwa! Amekwama!"

"Tofauti yake?"

"Amesema 'Nimek'!"

"Nimek nini?"

"Ndiyo hatujui!"

"'Nimekubali' inaanza na 'nimek'," akasema mshenga Nassoro, akimega kashata.

"Na 'nimekataa' je?"

"Na hiyo pia. Lakini hatukutoka Korogwe kwa ajili ya hiyo."

"Na hicho kiduara kinachomzunguka usoni hamkioni?"

"Mapambo," akasema Nassoro. "Mabinti wa siku hizi. Halafu, kijana, kifurushi chetu hiki hapa mezani. Kifurushi kikipokelewa, mtu ameshajiunga. Kama hataki, atume neno ONDOA."

"Atatumaje, na amekwama?"

"Hilo ni la mtandao. Sisi ni watu wa matairi."

Baba Mkubwa akainua kidole. "Kahawa ikigusa kikombe, tunasoma Fatiha."

Kahawa ikashuka unywele mmoja. Nikajua: ikishasomwa Fatiha, neno la Saumu hata likija kutoka, litatokea Korogwe, kwenye sebule ya watu, na hakuna atakayeuliza lilikuwa limetumwa wapi.

Nikakimbilia jikoni. Kwetu mtu akichanganyikiwa hukimbilia jikoni. Jikoni hakupo. Pale penye jiko la mkaa pana ofisi ya kampuni ya mtandao, kiyoyozi kinavuma, na foleni ndefu ya watu, kila mmoja amebeba wa kwao aliyekwama. Mbele yangu mzee mmoja amemkumbatia mkewe, aliyeganda katikati ya tusi, kidole kimenyooka.

"Pita tu, mwanangu," ananinong'oneza. "Mimi sina haraka."

Kaunta ina mapacha wawili warefu, wamevaa tai moja shingo mbili.

"Mimi Vigezo."

"Mimi Masharti."

"Sharti tuzingatiwe," wakasema kwa pamoja.

Nikawazingatia. Kuwazingatia maana yake ni kuwakazia macho bila kupepesa. Ukipepesa, wanajitambulisha upya. Walijitambulisha mara nne.

"Dada yangu amekwama kwenye 'Nimek'," nikasema, machozi yananitoka kwa kukodoa.

Vigezo akavuta droo. "Za kumalizia tunazo mbili. Hii hapa '-ubali'. Ina ofa. Ukiichukua unapewa na kikombe."

"Na hii '-ataa'," akasema Masharti, akiipuliza vumbi. "Haina ofa. Katika ukoo wenu haijawahi kuombwa."

"Dada yako anataka ipi?"

Nikafungua mdomo. Na hapo nikapata mshtuko ambao hata kahawa ya hewani haikunipa. Sijui. Mimi, ninayejua mbuzi yule anaanguka sekunde ya ngapi, sijui dada yangu anataka nini.

"Mnakaa nyumba moja?" akauliza Vigezo.

"Chumba kimoja. Kuna pazia katikati."

"Na hukumwuliza?"

"Nilimpigia honi."

Vigezo akaandika. Masharti akachungulia karatasi. "Honi iandike kwa kalamu nyekundu."

"Chukua '-ubali' uondoke," Vigezo akanishauri. "Wageni watakula, mama yako atamalizia tabasamu, na kikombe ni kizuri, kina maua."

Nikakitazama kikombe. Kweli kizuri. Nikakumbuka macho ya Saumu, na lile jibu mlangoni na viatu mkononi.

"Nipeni MB tupu," nikasema. "Neno atamalizia mwenyewe."

Foleni nzima ikanigeukia. Hata kiyoyozi kikameza mate.

"Tupu?" akasema Masharti. "Bila neno ndani?"

"Bila neno ndani."

"Anaweza kusema chochote, huyo."

"Ndiyo maana nazitaka."

Wakaniweka kwenye mizani ya kupimia mkaa. Utaratibu wao ni mmoja: umekula, rudisha. Kila kicheko kilichotokana na bando la nyumba kirudi. Na kicheko kinachorudishwa hakitoki nje, unakivuta ndani. Nikavuta kile cha mbuzi. Ah, ah, ah. Nikavuta cha jogoo. Nikavuta cha bwana harusi aliyekalia keki. Kila nilipovuta, Masharti alikinga sufuria, na punje nyeupe zikadondoka kama mchele. Nilipomaliza, zilifunika chini tu.

"Hizi zinatosha kupiga chafya," akasema Vigezo. "Neno halifiki."

"Sina kingine."

"Unacho." Akageuza ukurasa. "Jumanne, saa kumi jioni. Dada yako alisimama nyuma ya pazia akasema, 'Shekue, nikuulize kitu?' Ukamjibu piii, piii. Ukacheka. Akarudi kukaa."

"Hicho hakikuwa cha mtandaoni!"

"Ndicho kilichokula kuliko vyote."

Nikakivuta. Kiliingia kinakwaruza koo, kama mwiba wa samaki unaorudi ulikotoka. Sufuria ikajaa, ikafurika.

"Zinazomwagika," wakasema mapacha, "zinahesabiwa zimetumika."

Nikaikumbatia nikatimua mbio.

Kutoka jikoni kwetu hadi sebuleni ni hatua sita. Safari hii njia inapita Korogwe. Nakimbia katikati ya matairi yaliyopangwa mpaka mawinguni, punje zinaruka, na kila inayoanguka inasema "imetumika" kwa sauti ndogo. Juu ya tairi la trekta amekaa Mbaraka mwenyewe, mposaji, anapiga pasi shati.

"Bwana Mbaraka! Wewe uliulizwa?"

"Niulizwe?" anasema. Pasi imesimama, shati linaungua. Namwacha hivyo hivyo.

Naingia sebuleni. Kati ya kahawa na kikombe pamebaki unene wa karatasi. Namwaga sufuria yote kwenye ushungi wa Saumu. Kiduara kinapunguza mwendo. Kinasita. Kinasimama. Koo lake linacheza.

"Nimek... a..."

"A!" nikapiga kelele. "Mmesikia wenyewe! A!"

"A ya ahsante," akasema mshenga Nassoro.

"A ya alhamdulillahi," akasema Baba Mkubwa.

"A ya asilimia mia," ikasema ruta, na kiduara kikatokea tena.

Kahawa ikagusa kikombe.

Mikono ya wageni inanyanyuka yote kwa pamoja. Saumu amekwama tena, lakini macho hayajakwama. Yananitazama mimi, ulimi wake umegusa meno ya mbele, na nyuma ya meno hayo kuna kipande kimoja kinasukuma kitoke. Kimoja tu! Namrukia Baba Mkubwa nimzibe mdomo. Mkeka unateleza. Sebule inapinduka.

Nikaanguka kutoka kitandani, puu, kichwa kikagonga sakafu.

Asubuhi. Jua limeshapanda dirishani. Nikabaki chini. Upande wa pili wa pazia kitanda cha Saumu kimetandikwa. Nje, uani, nikasikia Mama anafagia, na vyombo vinagongana kwenye beseni. Huyo ni Saumu anaosha. Fagio, maji, sahani. Fagio, maji, sahani.

Halafu sauti ya Saumu, ghafla, kali, kama mtu aliyepaliwa na punje ikamtoka:

"Taa!"

Fagio likasimama.

"Taa ya nini, mwanangu," akauliza Mama, "na jua lote hili?"

"Sijui, Mama. Imenitoka tu."

Nikajizungushia shuka, nikatoka uani pekupeku. Saumu akainua uso kutoka kwenye beseni, akaniona, akakaza mabega. Anangoja honi.

"Mama," nikasema, "hiyo si taa. Huo ni mwisho wa neno. Hebu kaa, umwulize mwanzo wake."