Visigino vya Venance

Nikisema uongo humu hata neno moja, jino langu hili la mwisho ling'oke kwenye tonge la ugali. Chumvi naijua, sikatai. Hii sikuitia hata punje.

Asubuhi ya Jumamosi ile, Mama Sesilia alimpa mwanawe chai kupitia nondo za dirisha. Mlango alishautia kufuli, mara tu alipomwona Venance anakata kona ya Tandika na kiroba cha makopo mgongoni. Karai la maandazi alilisogeza mbali na mkono. Chai aliitia kwenye chupa ya plastiki iliyokatwa nusu, maana vikombe vya bati viliondoka na Marselino, mdogo wake Venance, kabla unga wa kulevya haujamwondoa Marselino mwenyewe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kunywa uondoke, majirani hawajaamka wote."

"Nifungulie basi nikae kidogo."

"Nikufungulie? Mwenzio nilimfungulia, akaondoka na pasi ya jirani, tena ikiwa ya moto."

Venance akanywa. Alikuwa na jambo moja tu la kumwambia mama yake, na hilo ndilo aliloapishwa asilitoe: kwamba yeye si teja. Ni konstebo wa polisi mwenye namba, aliyepelekwa Kiwalani ajifanye teja mpaka amjue mtu anayeshusha mzigo wa unga. Ni mwezi wake wa tisa sasa. Amejifunza kusinzia wima huku mate yanamtoka. Amejifunza kutukanwa. Usiku hulala juu ya maboksi, na anachojiwazia ni kitu kimoja: siku akimjua mtu huyo, atakuja hapa na sare iliyonyooshwa, na mama atafungua mlango kwa mkono wake.

"Leo hii, mama," alisema. "Jioni utanifungulia mwenyewe."

"Marselino naye alikuwaga anasema hivyohivyo."

Jana yake Brightson, mwenye kijiwe cha mateja cha Kiwalani, alimpiga teke mguuni pale alipolala. "We Makopo! Mbebaji wangu anaumwa. Kesho saa sita unabeba wewe. Mwenyewe anakuja."

"Mwenyewe yupi, braza?"

"Ukimjua utanenepa? Beba, upewe chako, ulale."

Neno hilo, mwenyewe, Venance alilingoja miezi tisa. Kila Ijumaa aliandika ripoti na kumpa mtu wa ofisini anayekutana naye stendi. Ameshapeleka majina ya wauzaji kumi na wawili, na wote kumi na wawili wamekamatwa. Kijiwe cha Brightson tu ndicho hakikuguswa. Venance alijiambia wakubwa wameshawachoka dagaa, wanamngoja papa.

Godauni alilopelekwa lilikuwa la chuma chakavu, nyuma ya gereji, bati linalia kwa jua la saa sita. Mlango ukavutwa, komeo likapigwa. Mzigo ukafunguliwa, ukapimwa. Venance aliegemea ukuta, kichwa kimelala begani, macho nusu, mate yanachuruzika. Daktari mwenyewe angeapa kwamba huyu amekolea. Lakini moyo ulikuwa unampiga hadi kwenye meno.

Mlango mdogo wa uani ukafunguliwa. Akaingia mtu wa makamo, raba nyeupe, fulana imelowa jasho, taulo shingoni, kama katoka kukimbia. Venance wala hakuinua kichwa. Ila Venance alimjua. Alimwona mara mbili maishani, zote gwarideni, akipita mbele ya safu na kukagua vifungo: Afande Godlisten, mkubwa wa kikosi chao kizima.

Na visigino vikagongana.

Si kwamba alitaka. Huko juu kichwa kilikuwa bado kinasinzia vizuri kabisa, lakini huko chini, ndani ya kandambili zilizofungwa waya, miguu ilishakumbuka gwaride la depo, kule walikofundishwa uaskari. Halafu kifua kikatoka. Ngumi zikashuka kwenye mishono ya suruali. Mwisho kidevu nacho kikapanda, na teja akawa amesimama kama mlingoti wa bendera.

Brightson aligeuka polepole. "Makopo," akasema. "Hebu rudia."

Godlisten aliinua kidole, Brightson akanyamaza. Akamzunguka Venance mara moja, akasimama mbele yake, akamweka sawa ukosi wa lile shati lililochanika.

"Kumbe ndiye wewe. Sura sikuijua, ila mwandiko naujua. Ripoti zako nazisoma mwenyewe. Wale kumi na wawili walikuwa wananiharibia soko, na hatukuwa tunajua hata wanakolala. Umetusaidia sana, kijana."

"Afande..."

"Nimekuruhusu kusema?"

"Hapana, afande."

"Mkuu, huyu tumzime," Brightson alisema. "Katuuza huyu."

"Tumzime, halafu ripoti ataandika nani? Wewe? Hata jina lako unaandika kwa kubahatisha." Godlisten alijifuta jasho. "Fomu zako nimezipitia, Venance. Mama anauza maandazi Tandika, siyo? Dereva wangu hununuaga pale. Matamu, ila iliki anazidisha. Mwambie apunguze."

Sasa hata mate ya Venance yalikuwa yamekauka.

"Kazi ni ileile. Utaniletea majina. Na leo, kwa kuwa upo, utabeba. Mguu pande!"

Miguu ikatii.

"Beba."

Kiroba kikapanda begani.

"Nyuma geuka! Mbele tembea!"

Mlango ukafunguliwa, jua likampiga usoni, naye akakata mitaa ya Kiwalani kwa hatua za gwaride, mkono ulio huru ukipanda na kushuka. Wauza mbogamboga waliacha biashara wakamcheka. "Jamani teja wa depo! Kushoto, kulia!" Pembeni ya barabara askari wawili wenye sare walikuwa wanakula mihogo. Venance aliwaona. Alifungua mdomo. Halafu akaikumbuka ile iliki, akaufunga. Askari wakamcheka nao, mmoja akasogeza pikipiki yake ampishe.

Akapita. Hakuna aliyemwambia simama.

Hapo ndipo mie nilikuwaga naishia nikiisimulia kwenye kijiwe cha kahawa, na watu hutikisa vichwa, basi. Lakini jana Badru muuza kahawa aliweka birika chini.

"Mzee, mlango si ulipigwa komeo?"

"Ulipigwa."

"Sasa hayo ya iliki kakwambia nani?"

"Si watu tu."

"Watu gani? Umesema mzigo ulipimwa. Aliyeupima ni nani?"

Nikatazama kikombe. Nikawaambia pensheni ilikuwa mwaka wa pili haijatoka, na mizani ninayo, tangu nilipokuwa karani wa korosho. Nikawaambia nilipima tu, sikubeba. Mara moja kwa wiki, basi.

"Kahawa ya wote," alisema Badru, "leo unalipa wewe."

Nikatoa, nikalipa. Akawamiminia mmoja mmoja, vikombe tisa, na kila aliyepokea akainama akaimwaga kahawa yangu mchangani.